Mtu wa mazingira asiwe askari wa miti

Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni jinsi sisi wananchi tunavyowatazama watu tunaowaita watu wa mazingira, na jinsi mtazamo huo unavyotufanya tupande miti au tuing'oe. Najua barua yangu ni ndefu. Naomba unistahimilie, kwani mimi ni mwalimu, na walimu tuna ugonjwa wa kueleza.

Ninafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha tarafa ya Matombo, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Maji yanayoanzia katika milima hii huingia mto Ruvu, na mto huo ndio unaonywesha sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeko Kariakoo au Ubungo, unaposikia kwamba huku kwetu mtu amekata mti penye chemchemi, usidhani ni habari ya mbali. Ni habari ya bomba lako.

Mchezo wa watoto

Siku moja wakati wa mapumziko niliwakuta watoto wa darasa la tatu wakicheza nyuma ya darasa. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya majani ya mgomba na kushika daftari. Wengine walikuwa wamejitwika vijiti vichwani. Yule mwenye daftari alipopiga kelele, wenzake wote walitupa vijiti na kukimbilia migombani. Niliwauliza mchezo huo unaitwaje. Wakanijibu kwa furaha, "Mazingira, Mwalimu!"

Nilicheka, lakini nilipofika ofisini kicheko kiliniisha. Watoto hao nimewafundisha mimi mwenyewe faida za miti, kwa ubao na kwa chaki. Lakini waliyoyashika ni kwamba mazingira ni mtu mwenye daftari anayewakimbiza watu wenye kuni. Hawakuyapata hayo darasani. Waliyapata nyumbani kwao, kwa baba na mama zao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kila ninapokaa na watu, iwe dukani, msibani au ndani ya gari la kwenda mnadani. Nimeona kwamba mtu wa mazingira anaonekana kwa sura tatu. Sura ya kwanza ni ya askari: huja na faini, na huondoka na panga la mtu. Sura ya pili ni ya mgeni: huja kwa gari kubwa wakati wa kiangazi, hupiga picha ya mama aliyebeba kuni, na huondoka kabla jua halijazama, na yule mama haioni picha yake wala haelezwi kosa lake. Sura ya tatu ni ya mtu wa semina: fulana mpya, kofia mpya, soda na posho. Siku ya kupanda miti mkubwa mmoja hupanda mche, hupigiwa makofi, na mche ule hunyweshwa maji siku ile tu.

Sisemi kwamba sura hizi zote ni za haki. Wapo maofisa misitu wanaopanda milima kwa miguu kutwa nzima, peke yao, kulinda msitu ambao ni wa sisi sote. Lakini mwananchi hawezi kuona yaliyomo moyoni mwa ofisa. Anaona sura iliyo mbele yake, na kwa sura hiyo ndipo anapokubali au anapokataa.

Kosa langu

Kabla sijawanyoshea wengine kidole, ni haki nieleze kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2018 nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Nilikuwa na ari. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa amelima magimbi na migomba mpaka ukingoni mwa chemchemi ambayo shule na vitongoji viwili huchota maji. Kisha akakata mkuyu mkubwa uliokuwa umesimama pale tangu tukiwa watoto. Mimi niliijua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ile inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nikaandika barua. Sikumwendea mzee, wala sikulipeleka jambo hilo barazani. Niliipeleka barua yangu moja kwa moja kwa wakubwa.

Baada ya majuma mawili gari lilikuja. Mzee alitozwa faini, akauza mbuzi wake wawili ili ailipe. Gari likaondoka. Nami nikajiona nimeshinda.

Masika yaliyofuata tulipanda miche 120 ambayo wanafunzi walikuwa wameiotesha katika kitalu cha shule. Asubuhi ya siku ya tatu nilipofungua mlango wa nyumba yangu, niliikuta miche yote ya upande wa chemchemi imeng'olewa na kupangwa vizuri kizingitini, mmoja baada ya mwingine, mizizi ikinielekea mimi. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Baada ya hapo wazazi walianza kuwakataza watoto kwenda kitaluni. Mama mmoja alinijia akaniambia bila kuficha, "Mwalimu, mwanangu amekuja kusoma, hakuja kujifunza kuwashitaki watu."

Mama huyo huyo nyumbani kwake amepanda michungwa, mikarafuu na midalasini kila upande wa kiwanja. Hakuna mtu anayehitaji kumfundisha faida ya mti. Ndipo nilipofahamu kwamba watu hawakuichukia miti. Walinichukia mimi, na miti ikaadhibiwa kwa ajili yangu.

Matuta ya mkoloni

Chuki hii haikuanza na barua yangu. Hapa Matombo wazee hawajasahau habari za matuta. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Shabaha yake, ukiitazama juu juu, haikuwa mbaya: kuzuia udongo usimomonyoke. Lakini watu walilazimishwa kuacha mashamba yao na kwenda kuchimba matuta ya ngazi milimani. Walikatazwa kuchoma mashamba, na aliyekaidi alitozwa faini. Katika udongo wetu mwembamba, matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule wa juu. Mazao yakadumaa. Mkulima aliyeyasema hayo alihesabiwa kuwa mvivu.

Mwezi wa Julai 1955 watu waliinuka hapa Matombo. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Mpango ukavunjika na matuta yakaachwa yabomoke.

Watoto wa leo hawakuyaona hayo, lakini wamerithi hadithi yake. Ndiyo sababu ofisa kijana anayefika huku na kusema "hifadhi" anashangaa kuona watu wamenyamaza. Yeye amekuja na elimu mpya, lakini wazee wanasikia neno la zamani. Nilipopewa jina la utani la Bwana Misitu nilidhani ni sifa. Baadaye nikaambiwa kwamba katika masimulizi ya wazee, Bwana Misitu ni mtu wa kukimbiwa.

Ndugu Mhariri, jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, huko Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu wanavyowaona wanaharakati wa mazingira. Waliona kwamba watu wengi wana picha mbaya juu yao, kwamba ni wakali na ni watu wa vituko. Kisha watu waliposomeshwa makala ya kuhimiza utunzaji wa mazingira, wale walioambiwa kuwa mwandishi ni mwanaharakati wa namna hiyo hawakuwa na hamu ya kufuata ushauri wake kama wale walioambiwa kuwa ni mtu wa kawaida. Ushauri ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mdomo uliousema. Kama hali ndiyo hiyo kwa wenzetu wenye mabomba ndani ya nyumba, itakuwaje kwa mkulima ambaye babu yake alitozwa faini kwa jina la udongo?

Mama Wangari na majirani zake

Wapo watakaosema kwamba mtu wa mazingira hana budi kuchukiwa, na kwamba asipochukiwa basi hajafanya kazi. Watatoa mfano wa marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Ni kweli kwamba mama yule alitukanwa sana. Mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, alibezwa hadi ndani ya Bunge, na wanawake wenzake wakaitwa kundi la waliotalikiwa. Jengo lile halikujengwa, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Lakini hebu tujiulize, ni nani waliomtukana? Walikuwa wakubwa waliokuwa na haja na kiwanja kile. Wanawake wa vijijini hawakumtukana. Tangu mwaka 1977 alipoanzisha vuguvugu lake la kupanda miti, alianza na shida walizozitaja wao wenyewe: kuni ziko mbali, maji yamepungua, watoto hawapati chakula bora. Aliwaachia waoteshe miche wenyewe katika vitalu vyao, na kwa kila mche uliokubali kuota mwanamke alipewa fedha kidogo. Kwa hiyo kutukanwa na mwenye tamaa ni jambo moja, na kukataliwa na jirani yako ni jambo lingine. La kwanza ni heshima. La pili ni onyo, na mwenye akili hujirudi.

Hapa nchini tunao mfano mkubwa kuliko huo. Mkoa wa Shinyanga ulikatwa miti kwa miaka mingi, kwanza ili kuwaua mbung'o wakati wa ukoloni, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni, hata watu wakauita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu wa mradi ule wangeweza kuja na miche yao na amri zao. Badala yake waliikuta desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, ambayo ni kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili mifugo iyakute wakati wa kiangazi, wakaiheshimu na kuihimiza. Sheria za ngitili zilisimamiwa na wazee na sungusungu wa huko huko. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi mradi ulipoanza zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika miaka ya mwanzo ya 2000. Msukuma aliyetenga ngitili hakujiona anamtii mtu wa mazingira. Alijiona ni mfugaji mwenye busara kama babu yake.

Na hata matuta yenyewe, yale yaliyomwaga damu, yamerudi Uluguru. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango katika kata ya Kibungo Juu, wilaya hii hii ya Morogoro. Mkulima aliyekubali kwa hiari yake kuchimba matuta na kupanda miti katika shamba lake alilipwa, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watumiaji wa maji ya Ruvu huko chini, yaani DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola. Milima ni ile ile, na waliochimba ni wajukuu wa wale waliokataa. Tofauti ni kwamba safari hii waliulizwa, na aliyesema hapana hakufungwa. Sisemi kila mti ulipiwe, kwani fedha za mradi zina mwisho wake. Nasema kwamba aliyelipwa alitendewa kama mtu mwenye mali anayemfaa mwenzake, na siyo kama mhalifu.

Je, sheria haina kazi?

Najua mwenzangu mmoja atanijibu kwamba mimi nawabembeleza waharibifu. Atasema, tazama Kondoa. Ni kweli. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, mifugo yote, karibu 90,000, iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo. Nyasi zikarudi na miti ikaota. Mwenye macho hawezi kukataa kwamba ardhi ilipona. Lakini mifugo ile haikuyeyuka. Mingine iliuzwa kwa hasara na mingine ilihamishiwa maeneo ya jirani, na watu wa huko wakaupokea mzigo. Miaka kumi hivi baadaye ilibidi wenyeji waruhusiwe kufuga ng'ombe wa ndani kwa kuwakatia majani, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa kuyatazama majani tu.

Atasema tena, tazama mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nayo ni kweli. Amri ile ilishika nchi nzima kwa muda mfupi, na hata huku kwetu mitaro ilipungua takataka. Lakini tuangalie sababu zake. Amri ilimpata tajiri na maskini siku moja. Tena kikapu tulikuwa nacho tangu zamani, na mifuko mingine ilikuwa imekwisha fika dukani. Mtu hakuambiwa aache kula. Na hata hivyo watu walianza kubebea bidhaa katika vifungashio vyepesi vya plastiki, hata mwaka 2021 Serikali ikabidi ivikataze visitumike hivyo. Mahali ambapo amri ilisimama bila moyo wa mtu, ujanja ulipata mlango.

Kwa hiyo sipingi sheria. Mwenye msumeno wa moto anayepasua mbao usiku katika hifadhi ashikwe na ashitakiwe. Ninachopinga ni kumtendea mzee wa magimbi sawa na yule wa msumeno, na kuanza na faini mahali ambapo hata salamu haijatolewa.

Vile vile sisi wanakijiji tusijifiche nyuma ya makosa ya maofisa. Nimewasikia watu wakisema, "Wenyewe wanatembea kwa magari ya moshi, kwa nini mimi nisichome mkaa?" Maneno hayo ni matamu lakini hayarudishi maji. Mto hauulizi ni nani aliyetukosea heshima. Ukikatiwa miti unakauka, na anayetembea usiku kutafuta maji ni mke wako na binti yako. Kuharibu chemchemi ili kumkomoa katibu wa kamati ni sawa na kuchoma nyumba ili panya akose pa kulala.

Nilivyokwenda kwa mzee

Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata ujasiri wa kwenda kwa yule mzee. Nilikwenda jioni, sikubeba daftari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Bwana Misitu. Karibu kiti."

Nilikaa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu, umekua ukila magimbi ya shamba lile lile. Ulinipeleka ofisini kabla hujanipeleka barazani. Mti nilikata, sikatai. Lakini waliokutangulia walikuja wakatupa mikaratusi, wakasema tuipande pale pale majini, ndiyo mazingira. Tukaipanda. Leo mnasema mikaratusi inakunywa maji, ing'olewe, hayo ndiyo mazingira. Ni nani aliyekuja kutuomba radhi? Ni nani aliyelipa faini?"

Ndugu Mhariri, sikuwa na jibu. Niliomba radhi kwa niaba yangu, na kwa niaba ya hao waliotangulia ingawa hawakunituma.

Jambo lile lilipelekwa kwa ukoo, kwa kuwa huku kwetu ardhi ni ya ukoo wa kikeni na wajomba ndio wenye kauli. Katika kikao kile ndipo nilipojua mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Bibi mmoja mkongwe alieleza miiko ya chemchemi ile tangu utoto wake: chungu chenye masizi hakichovywi, na mti wa pale haukatwi bila ukoo kukaa. Alitaja pia kichaka cha makaburi ya ukoo wao ambacho mpaka leo hakuna mtu anayeingiza panga, wala hakina bango. Bibi yule hajapata kuhudhuria semina, na neno mazingira nadhani hulisikia redioni tu. Lakini kama kuna mtu wa mazingira kijijini petu, ni yeye. Na mimi, katibu, sikuwa nimepata kumwuliza neno.

Tulikubaliana kwamba magimbi ya ukingoni yavunwe kwanza, kisha yasipandwe tena. Migomba isogee juu kidogo kidogo. Mzee mwenyewe alituonyesha jinsi ya kukata matawi ya mkuyu na kuyachomeka yakashika bila kitalu. Tulichomeka vipande 30, na 22 vimeshika. Hatujafikisha mita 60 kila upande, na sitaki kumdanganya msomaji. Lakini tangu mwaka huo hakuna hata mche mmoja uliong'olewa, na anayewafukuza mbuzi pale chemchemi siyo mimi. Ni mzee.

Jambo jingine lilitoka kwa mwanafunzi. Nilipokuwa nikifundisha juu ya ukataji miti, mtoto mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kuni tunazoleta shuleni Ijumaa zinatoka msitu gani?" Darasa zima lilinitazama. Tulikuwa tukipikia uji kwa mafiga matatu, na kila mtoto alitakiwa aje na kuni. Tulikaa na wazazi tukajenga jiko banifu kwa matofali na udongo, na kuni zimepungua sana. Najua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku yetu itafika. Lakini kabla haijafika, shule haiwezi kuhubiri isichokitenda.

Ushauri wangu

Kutokana na hayo, nashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, ofisa yeyote anayetumwa kijijini kwa kazi ya hifadhi aanze kwa kukaa na wazee na akina mama wachotaji maji, na aulize kabla hajaagiza. Ajue miiko iliyopo. Mara nyingi atakuta nusu ya kazi yake imekwisha fanywa na wahenga.

Pili, faini isiwe salamu ya kwanza. Mkosaji mdogo aonywe barazani mbele ya wenzake, apewe muda wa kuvuna na mahali pa kuhamia. Faini ibaki kwa mkaidi na kwa mfanyabiashara wa magendo.

Tatu, wataalamu wakibadili ushauri waje kusema kwamba wamebadili na sababu yake. Mkulima hamdharau mtu anayekiri kosa. Humdharau anayelisahau.

Nne, siku za kupanda miti zisihesabu miche iliyopandwa. Zihesabu miche iliyo hai baada ya miaka miwili, na anayeshangiliwa awe yule aliyeinywesha.

Tano, walimu wenzangu, tusifanye mti kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa akitumwa kumwagilia miti kama kifungo, ataichukia miti hata atakapokuwa mzee. Na tusiwatume watoto wawe wapelelezi wa wazazi wao.

Sita, magazeti na redio zituonyeshe watu wa mazingira wa aina nyingine. Tumeona vya kutosha picha za wageni wenye koleo jipya. Tuonyesheni mama aliyelinda chemchemi kwa miaka 40, na mfugaji mwenye ngitili yake. Mwananchi akimwona mtu kama yeye akitunza mti, hatauliza kalipwa kiasi gani. Atauliza mche ameupata wapi.

Ndugu Mhariri, namaliza kwa kuwaomba radhi wanakijiji wenzangu hadharani, kama nilivyowakosea hadharani. Wale watoto bado wanacheza mchezo wao nyuma ya darasa, na mwenye daftari bado anawakimbiza wenzake. Sijawakataza. Kuwakataza kungekuwa kurudia kosa langu. Nitajua tumefanikiwa siku watakapoubadili wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Matombo, Morogoro.